Sura ya Nne: Petroli Iliyokunywa Maji

Mzee Ditram alikuwa amekaa sakafuni mahabusu ya Kilosa, miguu kainyoosha mbele, viatu havina kamba, kama mtu anayesubiri basi ambalo ameshaambiwa halitakuja. Sajenti Magdalena alisimama upande wa pili wa nondo akiwa na daftari lake mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Konstebo mwenye funguo alicheka kwa pua. Hakuwa amezoea kusikia mtuhumiwa akiamkiwa. Magdalena hakumtazama. Alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika Jumatatu, saa moja na robo asubuhi.

Mambo yaliyojulikana hayakujaza hata nusu ya ukurasa. Alhamisi iliyopita, Boniface, dereva wa bodaboda wa kijiji cha Ulaya, alikuwa akikatiza barabara kuu pale Mikumi pikipiki yake ilipozimika katikati ya lami. Lori la saruji likamkuta hapohapo. Askari wa usalama barabarani walimwita fundi, kabureta ikafunguliwa, na ndani yake likakutwa kitu cheupe kisicho petroli. Wakaandika: maji. Petroli ile ilifuatiliwa hadi kituo cha mafuta cha Magomeni, hapa Kilosa mjini, na kituoni pale mtu anayepima tangi ni mmoja tu. Shtaka la kuua bila kukusudia lilikuwa limeshachapwa. Kesho saa tatu asubuhi Ditram angesomewa.

"Nieleze unavyopima," alisema Magdalena.

"Saa kumi na mbili asubuhi, kabla pampu haijawashwa. Nafuta fimbo. Napaka dawa ya maji kwenye ncha. Naishusha mpaka igote chini ya tangi. Nahesabu mpaka thelathini, naipandisha, nasoma kina, naandika."

"Hiyo dawa ina rangi gani?"

"Kahawia. Ikikutana na maji inageuka nyekundu."

"Jumatano iliyopita?"

"Kahawia."

"Umepima miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Imewahi kugeuka?"

"Mara mbili. Mwaka ule wa mafuriko, na mwaka kifuniko kilipopasuka. Zote mbili nilifunga pampu. Zote mbili nilitukanwa."

Alisema hayo bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayesoma kina cha fimbo. Magdalena aliandika yote. Kisha akauliza swali alilozoea kuwauliza watu wote mwisho, likiwa halina mtego wowote.

"Kuna jingine la kuniambia kuhusu tangi lile?"

Mzee alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nimeulizwa maji, afande. Maji hayakuwepo."

Magdalena aliliandika jibu hilo kama lilivyotoka, neno kwa neno, akafunga daftari.

Barazani alimkuta Mkuu wa Upelelezi, Frank, akipiga mswaki.

"Usinipotezee siku, Sajenti," alisema Frank, akatema povu. "Bodaboda wa wilaya nzima wanataka mtu. Ndugu wa marehemu wanataka mtu. Mimi mtu ninaye."

"Ndiyo, afande. Mpaka kesho saa tatu."

"Saa tatu kamili."

* * *

Kituo cha Magomeni kilikuwa na pampu mbili, duka dogo, na benchi la wateja. Mwenye kituo, Ashrafu, alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye hangeanza mazungumzo mgeni akiwa mkono mtupu. Kabla Magdalena hajasema alichokuja nacho, chai ya maziwa ilikuwa mezani na chapati mbili juu ya sahani.

"Kula kwanza, dada. Kesi haikimbii."

"Hii inakimbia. Nataka kupima tangi."

Ashrafu alimpa fimbo mwenyewe. Magdalena alipaka dawa, akaishusha, akahesabu hadi thelathini, akaipandisha. Ncha ilikuwa kahawia.

"Unaona? Leo hakuna maji," alisema Ashrafu. "Siku ile yalikuwepo. Yule mzee macho yameanza kumtupa, na mimi kumfukuza nilimwonea haya. Huruma yangu ndiyo iliyoniponza."

"Kama Jumatano yalikuwepo, leo yako wapi?"

"Yameuzwa," alisema Ashrafu, akacheka kidogo.

"Yameuzwa kwa nani? Jumatano na Alhamisi uliuza kwa pikipiki ngapi, magari mangapi?"

"Mengi."

"Aliyezimika ni mmoja."

Ashrafu alichovya chapati yake kwenye chai. "Basi muulize yule mama wa Ulaya. Alinunua dumu hapa, akaenda kuuza kwenye chupa kando ya barabara. Hao wa chupa wanaongeza maji, afande. Hata watoto wanajua. Mimi sikutaka kumtaja, maana amefiwa. Marehemu alikuwa mtoto wa kaka yake."

Magdalena aliandika: *mama wa chupa, shangazi wa marehemu.* Akaomba karatasi za ukaguzi. Ashrafu alizitoa haraka, ziko ndani ya bahasha ya plastiki. Mwezi wa tano petroli yake ilipimwa kama imechanganywa na mafuta ya taa, ikaonekana safi. Karatasi ilikuwa halali. Aliinakili namba yake, akairudisha.

"Na daftari la vipimo."

Hilo lilichukua muda kidogo kupatikana. Mwandiko wa Ditram ulikuwa mdogo, umenyooka, kila siku mstari wake: kina cha jioni, kina cha asubuhi, rangi ya dawa. Lori la mafuta lilikuja mara moja tu mwezi ule wa Juni, tarehe mbili. Magdalena alipitisha kidole mstari kwa mstari. Tarehe tano, asubuhi, tangi lilikuwa na mafuta mengi kuliko jioni ya jana yake. Tarehe tisa vilevile. Tarehe kumi na mbili vilevile.

"Hapa limepanda," alisema. "Na lori halikuja."

"Joto, dada. Petroli hutanuka."

"Alfajiri? Na baridi hii ya Juni?"

"Basi mzee alisoma vibaya. Nimekwambia macho."

Nyuma ya duka, chini ya turubai, kulikuwa na mapipa manne ya plastiki ya buluu. Magdalena aliinua pembe ya turubai. Harufu iliyotoka haikuwa ya petroli. Ilikuwa tamu na kali, kama molasi iliyochacha.

"Spiriti," alisema Ashrafu kabla hajaulizwa. "Inatengenezwa kwa miwa. Nilianza kuiuza kipindi cha korona, ya kusafishia mikono."

"Watu bado wanasafisha?"

"Wachache."

Magdalena aliomba lita mbili kutoka kwenye pampu, akazitia kwenye kopo safi, akalifunga kwa lakiri mbele yake na kumtaka asaini. Ashrafu alisaini bila kusoma. Chapati za Magdalena zilibaki sahanini palepale.

* * *

Mikumi alifika saa tano. Pikipiki ya Boniface ilikuwa imeegemezwa ndani ya kibanda cha bati cha Yared, fundi, hatua chache kutoka njia ya Ulaya inapoingia barabara kuu. Malori ya kwenda Iringa yalipita mfululizo, na kila lilipopita, spana zilizotundikwa ukutani zilicheza.

Madereva watano walikuwa kijiweni. Mmoja wao akasema, "Afande kaja kujifunza ufundi. Yared, mpe ovaroli."

"Mpe na spana kumi na nne, tuone," alisema mwingine.

"Shikamoo, afande," alisema Yared, akijifuta mikono. "Usiwasikilize hao, wana njaa."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefungua kabureta?"

"Mimi. Trafiki wamesimama hapo ulipo. Nikawaonyesha, wakasema maji, wakaandika maji, wakasepa."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nani anayeniuliza?"

Alipanda juu ya kreti, akashusha kichupa cha dawa ya kikohozi kutoka kwenye rafu. Alikuwa amekihifadhi kile kilichotoka kwenye kabureta, na mdomo wa kichupa ameufunga kwa mpira. Kilikuwa cheupe, kimetulia.

"Kwa nini ulikitunza?"

"Alikuwa mshikaji wangu," alisema Yared. "Sikujua nikimwage wapi."

Magdalena alimwomba kizibo cha soda na kiberiti. Alimimina matone machache kwenye kizibo, akakiweka juu ya jiwe kwenye jua, akawasha njiti na kuisogeza. Hakuna kilichoonekana. Madereva wakacheka.

"Afande anachoma maji!"

Magdalena alichukua unyasi mkavu, akaushikilia juu ya kizibo, mahali palipoonekana patupu. Unyasi ukashika moto.

Kicheko kikaisha. Yared aliinama, akaweka kiganja cha mkono wake kuzuia jua, na katika kivuli kile wote wakaona mwali mwembamba wa buluu, ukitambaa bila moshi.

"Maji hayawaki," alisema Yared.

"Hayawaki," alisema Magdalena. Akaandika saa.

Kisha akaenda kwenye pikipiki. Tangi lilikuwa limebonyea upande mmoja, lakini koki ya mafuta ilikuwa nzima. Ncha yake ilielekea rizevu, upande wa akiba.

"Nani aliigeuza hii?"

"Hakuna. Niliikuta hivyo. Hata trafiki niliwaambia msishike kitu."

"Boniface alipita hapa kabla?"

"Alikunywa chai na mimi. Nusu saa hivi, pikipiki imesimama hapo. Akaniambia njiani ilikuwa inakohoa kidogo. Nikamwambia iache, nitakuangalizia ukirudi. Alikuwa anamwahi abiria upande wa pili wa barabara." Yared aliangalia lami. "Hatua ishirini tu."

"Na rizevu angegeuza saa ngapi? Angesimama kwanza?"

Madereva walitazamana kama walioulizwa kama huwa wanasimama ili wapige chafya.

"Nani asimame?" alisema mmoja. "Mafuta yakiisha pikipiki inashtuka, mkono wa kushoto unashuka wenyewe, unageuza koki, safari inaendelea. Hata kama umebeba watu watatu."

"Hata katikati ya lami?"

"Popote. Ukisimama abiria anashuka, anapanda ya mwenzako."

Magdalena alichutama mbele ya koki na kumwomba Yared aeleze jinsi ilivyo ndani. Yared alieleza. Kuna bomba mbili. Moja ndefu, mdomo wake umesimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, hiyo ndiyo ya kawaida. Nyingine fupi, inanyonya chinichini kabisa. Hiyo ndiyo rizevu.

"Kwa hiyo," alisema Magdalena taratibu, "kitu kizito kuliko petroli kikilala chini ya tangi, bomba ndefu haikigusi."

"Haikigusi."

"Njiani kinatikisika, kinachanganyika kidogo, pikipiki inakohoa. Ikisimama nusu saa kinatulia chini tena. Anaondoka na petroli safi iliyobaki juu. Hiyo ikiisha, anageuza."

"Anaivuta yote kwa mpigo," alisema Yared. "Inazima papo hapo. Hata kiki haishiki." Alikaa juu ya kreti lake. "Mkono wake mwenyewe."

Lori la mbao lilipita, spana zikacheza.

Dukani jirani Magdalena alinunua chupa ya kumnyweshea mtoto maziwa, ile yenye alama za vipimo ubavuni. Njia hii alikuwa ameisoma katika kijitabu alichowahi kuazima kwa mkaguzi wa mafuta na kukinakili kwa mkono. Alifungua kopo la Magomeni mbele ya Yared kama shahidi, akamimina maji ya kunywa hadi alama ya mia, kisha petroli juu yake hadi mia mbili. Akalifunga kopo tena kwa lakiri, kisha akaifunga chupa, akaitikisa, akaiweka mezani. Walisubiri. Mstari uliogawa maji na petroli ukajichora polepole, lakini haukurudi kwenye mia. Ulisimama kwenye mia na ishirini.

"Maji yameongezeka?" aliuliza Yared.

"Maji hayazaani. Yamechukua kilichokuwa ndani ya petroli. Spiriti hupenda maji kuliko inavyopenda petroli. Ikiyapata, inahama nayo. Katika petroli mia, spiriti ilikuwa ishirini."

Dereva aliyemtania mwanzo alikuwa amesogea, anaiangalia ile chupa ya mtoto. "Na sisi tunajaza pale kila siku," alisema.

Magdalena alipiga simu kituoni Kilosa, akamwomba konstebo ampe mzee Ditram simu kupitia nondo. Ilichukua dakika mbili.

"Mzee, tangi lilipanda mara ngapi bila lori?"

"Mara tatu mwezi huu."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Mara ya kwanza nilimwambia bosi. Akasema, wewe kazi yako ni maji. Basi nikabaki na maji."

"Lakini uliandika."

"Kuandika ni kazi yangu pia."

"Nikiliweka hilo kwenye maelezo, watakuuliza ulinyamaza kwa nini."

"Waulize tu," alisema Ditram. "Mimi nasema spiriti sikuimwaga, na maji hayakuwepo. Ya katikati, ya kunyamaza, ni yangu." Konstebo akachukua simu yake.

Magdalena alibaki na simu mkononi. Petroli yenye spiriti, bila maji, ingebaki kitu kimoja. Isingejigawa. Tangi la Magomeni halikuwa na maji. Fimbo yake mwenyewe ilisema hivyo. Basi maji yaliingia baadaye, kati ya pampu na pikipiki, na mpaka ajue wapi, Frank angekuwa na haki ya kusema yalitoka kwa Ditram. Katikati pale palikuwa na mahali pamoja tu.

* * *

Nyumba ya Angela, yule mama wa chupa, ilikuwa kando ya barabara pale Ulaya. Tanga lilikuwa limeanuliwa jana. Mkeka ulikuwa bado uwanjani, na masufuria ya kuazima yamepangwa yakisubiri wenyewe. Angela alikaa kwenye kigoda, kanga mbili, mikono imelala magotini. Mbele ya uzio kulikuwa na kichanja chake cha mbao na chupa sita za petroli juu yake. Hakuna aliyezigusa tangu Alhamisi.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Magdalena aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Angela hakumuuliza alichofuata. Alijibu kila swali kwa urefu wake, bila kuongeza.

Ndiyo, kila Jumatano alinunua dumu Magomeni. Dumu kavu, jipya. Boniface alinunua chupa mbili jioni hiyohiyo, akazimimina kwenye tangi lililokuwa karibu tupu. Pikipiki ikalala nje. Aliondoka alfajiri.

"Watu wanasema wauza chupa mnaongeza maji."

"Wanasema."

"Wewe unaongeza?"

"Boniface nilimlea tangu ana miaka minne," alisema Angela. "Nimwekee maji?"

Magdalena alienda kwenye kichanja. Alichutama mpaka macho yakawa sawa na chupa. Ndani ya kila moja kulikuwa na mstari. Juu petroli ya rangi yake, chini, kimo cha vidole viwili, kitu cheupe.

"Hii umeiona lini?"

"Alhamisi asubuhi. Jumatano jioni zilikuwa safi, kitu kimoja. Usiku ulikuwa wa baridi. Asubuhi nikakuta zimejigawa. Nikasema nimeona vibaya. Kisha wakaja kuniambia."

"Chupa unazitoa wapi?"

"Naokota, nanunua kwa watoto. Naziosha."

"Kwa nini?"

"Yeye ndiye alitaka. Zamani nilikuwa natia tu. Akasema, shangazi, mchanga wako unaniziba kabureta. Tangu hapo naosha, nasuuza, natia."

"Unakausha?"

Angela alifikiri. "Naikung'uta. Yanabaki maji kidogo, kama kizibo kimoja, viwili. Si neno. Maji hukaa chini, yanazunguka kama shanga, unayaona. Nikimimina naacha ile ya mwisho, namwaga. Wote tunafanya hivyo."

"Na Jumatano uliziona hizo shanga?"

"Sikuziona. Nikafurahi. Nikasema leo zimekauka vizuri."

Magdalena alirudi mkekani. Aliliweka daftari magotini bila kulifungua. Kisha akamweleza kila kitu, kwa mpangilio, kama alivyokuwa amekipata: kwamba petroli ile ilikuwa imetiwa spiriti ya miwa Kilosa, kwamba spiriti iliyanywa maji ya kwenye chupa mpaka yasionekane, kwamba baridi ya usiku ikavitenga, vikazama pamoja chini ya tangi la pikipiki, na kwamba rizevu inanyonya chini.

Angela alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maji ni yangu."

"Maji ni ya chupa zako. Spiriti si yako."

"Bila spiriti?"

"Ungeyaona. Ungeyamwaga."

"Na bila maji?"

Magdalena alikuwa ameshaulizwa maswali mengi na watu waliofiwa, na mengine alikuwa ameyapita kando. Hili alilijibu.

"Bila maji angefika."

Angela aliitikia kwa kichwa mara moja. Kuku alipanda kwenye mkeka, akashuka.

"Umeshaandika?"

"Bado. Nikiandika, wakili wa mwenye kituo ataanzia hapo. Atasema ni wewe. Nitasema ninavyojua, lakini atasema."

"Na usipoandika?"

"Kuna mzee anaitwa Ditram yuko ndani. Hajatia maji. Kesho anasomewa kuwa alitia."

"Simjui huyo Ditram."

"Humjui."

Angela alitazama kichanja chake. "Andika," alisema.

Magdalena aliandika. Alipofika mwisho alimsomea yote kwa sauti ya chini. Angela alimsimamisha mahali pamoja tu. "Hapo umesema niliosha. Weka kwamba aliniambia nioshe. Si kumlaumu. Ndivyo ilivyokuwa." Magdalena akaweka. Angela alisaini jina lake lote, kwa herufi za shule ya misheni, kubwa na zilizonyooka.

Palipokuwa na mtandao, kwenye kona ya uzio, Magdalena alimpigia Frank na kumsomea karatasi yote.

"Chupa ya mtoto?" alisema Frank. "Nikaseme mahakamani chupa ya mtoto?"

"Hiyo ni ya kutuonyesha njia, afande. Sampuli zinakwenda kwa Mkemia Mkuu. Lakini tangi la Magomeni lifungwe sasa hivi, na nyuma ya duka kuna mapipa manne ya buluu. Lita zilizopanda ziko kwenye daftari la vipimo. Shika hilo daftari kwanza kabla ya mapipa."

Alimsikia Frank akimwita mtu, kiti kikisogezwa, gari likiwashwa.

"Na yule mzee?"

"Maji hayakuwepo, afande."

"Amejua mambo ya tangi, akanyamaza."

"Ndiyo. Hilo lina karatasi yake. Ile ya kesho siyo."

Frank alipumua. "Sawa. Kesho hasomewi. Atalala kwake, ataripoti saa mbili."

Magdalena alirudi. Alihitaji chupa moja tupu: alitaka kuitenga petroli ya juu na kile cha chini kabla havijatikisika njiani, kopo lake lilikuwa limeshatumika. Alimweleza Angela. Angela aliingia ndani. Maji yalisikika yakimwagwa kwenye beseni. Alipotoka alikuwa na chupa mkononi, safi, imesuuzwa, na upande wa ndani matone yalikuwa yakiteremka.

Aliiona mwenyewe. Alisimama mlangoni nayo.

Kisha akaenda kwenye uzio, akaipindua chupa juu ya ncha ya mti mmoja wa uzio uliokuwa juani, mdomo chini. Akarudi kwenye kigoda chake. Magdalena akakaa mkekani. Basi la Mikumi likapita, vumbi lake likaja na kutua. Muda ulikwenda, jua likahama kidogo juu ya uzio. Magdalena akainuka, akaifuata chupa, akanyoosha mkono.

"Bado," alisema Angela.

Magdalena akarudi kukaa.